Mke Wangu Nampa Kumi

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, sogea hapa nikupe kiti. Mimi ni fundi wa makochi. Niliugua sonona, ule ugonjwa ambao mtu hana homa wala kidonda lakini kunyanyuka kitandani kwake ni kama kubeba jiwe la kusagia. Nikalazwa. Nikatazama ukuta wa wodi mpaka nikazijua nyufa zake kwa tabia. Nikapona, nikarudi nyumbani, mtaa mzima ukaja kujaa sebuleni kwangu, nami nikafurahi, maana nyumba isiyo na watu mimi naiona kaburi.

Tuliachana pale nilipokwenda kliniki kumwona nesi wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Akanitupia swali moja.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi, mkeo anakukosoa kiasi gani?"

Nami, kifua mbele, nikajibu: "Mke wangu? Nampa kumi!"

Balaa lote la leo limezaliwa na kumi hiyo.

Nesi aliacha kuandika. "Kumi?"

"Kumi kavu, nesi. Ingekuwepo kumi na moja ningempa. Kwa kukosoa, mwanamke yule hana mpinzani."

Sikuwa nashtaki, jamani. Nilikuwa naringa. Mke wangu ndiye anayekagua kazi zangu, na mtaani wanamwita Mkaguzi. Kochi halitoki kwenye karakana yangu kabla hajalikalia. Anakaa, anafumba macho, anajigeuza kushoto, anajigeuza kulia, kisha anatoa hukumu.

"Mkono huu umelegea kama salamu ya watu waliogombana."

Au: "Mgongo huu umeshonwa na mtu aliyekuwa anawaza chakula."

Na kweli nilikuwa nawaza chakula! Nafumua, nashona upya. Ndiyo maana makochi yangu yanadumu kuliko ndoa za wanaoyanunua.

Kwa hiyo niliposema kumi nilijisikia kama mtu anayewatambia jirani zake kwamba ana mbwa mkali.

Nesi akavua miwani. "Baba, nisikilize. Mtu akitoka wodini, sisi huku tunabaki na swali moja: atarudi au hatarudi? Na mara nyingi kinachomrudisha si msiba wala dhiki. Ni hali ya ndani ya nyumba. Yule anayetuambia mwenzangu ananikosoa sana, huyo tunamtilia wasiwasi."

"Wasiwasi wa kitanda?"

"Wa kitanda."

"Kile cha ukutani?"

"Kile kile."

Nesi akasema nisigombane na mtu, nisimshutumu mke wangu, nimwambie tu aje azungumze naye. Ushauri wa dhahabu. Ungefaa sana kama dada yangu asingekuwa ameweka sikio mlangoni.

Dada yangu mkubwa mtaani anaitwa Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa amenisindikiza kliniki. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu. Redio alikuwa ameshaenda hewani.

Nilipokaribia nyumbani, muuza vitumbua hata salamu hakunipa, alinishika mkono tu. "Pole, fundi. Kumi ni nyingi."

Sebule ilikuwa imejaa. Kwa kawaida sebule ikijaa mimi hutafuta pa kukaa katikati. Siku hiyo nilitamani kurudi nilikotoka. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye kiti changu. Mama alihamia kwetu nilipolazwa, ili asaidie. Mimi nilitoka wodini, yeye hakutoka kwetu.

Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo umejaa pini. Alikuwa anabana kitambaa kwenye kochi walipomwita, na hawakumpa hata nafasi ya kuzitema. Kwa hiyo kesi ilisikilizwa mshtakiwa akiwa na pini mdomoni.

"Mwanangu amempa mkewe kumi," mama akatangaza. "Mbele ya nesi. Mwanangu wa kumzaa kwa uchungu."

"Kumi juu ya kumi, mama," Redio akaongezea. "Na alitaka kutaja kumi na moja. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Mke wangu akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa alichojifunga mkononi. Akanitazama mimi, si wao.

"Kumi?"

"Nilikuwa nakusifu," nikasema.

"Wote husema hivyo," Redio akadakia. "Akishabanwa, anamtetea."

Mama akatoa hukumu. Mkwe wake aende kwa kaka yake, akakae huko mpaka mwanawe awe imara. Nyumba ipumue. Nikajaribu kueleza kwamba nesi alitaka mke wangu aende kuzungumza tu, basi. Mama akaanza kulia. Na mama yangu akilia mimi huwa sina mifupa. Nikatazama sakafu.

"Siendi," mke wangu akasema. "Kama ubaya ni kukosoa, naacha kukosoa. Leo hii."

"Utaweza, wifi?" Redio akacheka. "Chui anaacha madoa?"

"Nitaweza. Mume wangu akirudi wodini kwa ajili ya mdomo wangu, nitauweka wapi mdomo huo?"

Wakakubaliana. Akikosoa mara moja, hata unyoya, anafunga mzigo. Na mlinzi wa makubaliano, nani mwingine? Redio akavuta kigoda chake mpaka dirishani pa karakana, akafungua pakiti ya karanga, akaanza kazi.

Jamani, mnajua kuishi na malaika? Msiombe.

Asubuhi iliyofuata nilivaa shati nje ndani. Mke wangu akaniona, nikaona kabisa jicho lake likituama kwenye mshono.

"Umependeza, mume wangu."

Nikaenda nalo mpaka dukani kwa muuza misumari, lebo inapepea shingoni kama bendera. Muuza misumari akanizunguka mara mbili. "Fundi, mkeo amesafiri?"

Nilichemsha chai nikasahau majani. Akanywa yale maji ya moto mpaka tone la mwisho. "Nyepesi," akasema. "Inafaa moyo."

Nikapiga chafya. "Unapiga chafya vizuri siku hizi."

Mama akawa anatembea nyumbani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Unaona nyumba ilivyotulia, mwanangu?"

Ilikuwa imetulia kweli. Hata chumba cha maiti kimetulia.

Katikati ya utulivu huo, kinyozi wa mtaa wa pili akaleta oda ya kochi refu la wateja wake wanaosubiri zamu. Nikakata mbao, nikapiga sponji, nikavuta kitambaa. Kuna kitu kwenye mguu wa kushoto kilinitia shaka. Lakini niwaambie ukweli mmoja wa ugonjwa huu: mtu aliyetoka kwenye sonona haamini macho yake mwenyewe. Mimi nilikuwa natumia ya mke wangu.

"Njoo ukalie," nikamwita.

Akaja. Akatupa jicho dirishani. Redio akatafuna karanga taratibu. Mke wangu akakaa, akafumba macho.

Akaanza kuteleza.

Si kwa kasi. Polepole, kama jua linavyokwenda. "Zuri," akasema alipokuwa katikati. "Zuri sana," akasema alipofika ukingoni. Halafu akaishia chini, kishindo kikasikika mpaka jikoni.

"Vipi?" nikauliza.

"Lina ukarimu," akajibu kutoka sakafuni. "Halimbanii mtu."

"Kweli limekaa sawa?"

"Limekaa sawa, mume wangu."

Nikamwamini. Ningefanyaje? Tangu nimwoe hakuwahi kuniambia kitu kizuri kisicho kizuri. Nikalipeleka kwa kinyozi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia kichwani. Usingizi ukawa unanikimbia alfajiri. Chakula nikawa nakitafuna kama sponji. Nyundo ikaongezeka uzito. Siku moja mchana nikajikuta nimejilaza chumbani bila sababu, natazama ukuta, na ukuta nao unanitazama kama watu tuliosoma darasa moja.

Nikawaza: mke anayesifia chafya, ana nini? Ama nakufa na wananificha. Ama ameshaondoka moyoni na kilichobaki hapa ni mwili tu, unaosubiri basi la kwa kaka yake.

Nikasema hapana, lazima nimjaribu.

Nikatengeneza kiti kibaya makusudi. Wasomaji, kiti kile kilikuwa ni kesi ya jinai. Springi moja niliiacha imechomoza juu, nikaifunika kitambaa chepesi kama mtego wa panya. Nikamwita. Akakiangalia kiti. Akaniangalia mimi. Karanga zikasikika dirishani: kra, kra.

Akakaa.

Uso wake ukapita rangi zote. Macho yakajaa maji.

"Kinachangamsha," akasema kwa sauti nyembamba.

Chozi likamdondoka. Nikadhani ni springi.

Basi, siku moja jioni jua likiwa bado kali, tukasikia kelele barabarani. Nikatoka. Mkokoteni unakuja, juu yake kochi langu refu, mbele yake kinyozi na aproni yake, na nyuma yake wateja wake watatu. Mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Mwingine alikuwa na mfereji umepita kuanzia kisogoni mpaka utosini.

"Fundi!" kinyozi akapiga kelele. "Kochi lako linamwaga watu! Foleni nzima imemkalia mzee aliyekuwa mwisho! Wakaniangukia na mimi nikinyoa, mkono ukanicheza, ona! Ona barabara hii niliyomchimba mtu wa watu!"

Mwenye barabara akainamisha kichwa ili tuione vizuri. Ilikuwa imenyooka, kusema haki.

Watu wakajaa. Kinyozi akamgeukia mke wangu. "Na wewe, Mkaguzi! Hili kochi ulilikalia au hukulikalia?"

"Nililikalia."

"Ukalionaje?"

Mke wangu akakunja midomo ndani mpaka ikapotea. Redio alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani. Nikaona mishipa ya shingo ya mke wangu inapanda moja moja. Mwenye nusu kichwa akakohoa.

Bomba likapasuka.

"Mguu wa kushoto ni mfupi!" akasema. "Mfupi, hata kipofu angeuona kwa fimbo! Sponji ya katikati imerundikwa kama magunia! Kitambaa kimevutwa na mtu mwenye haraka ya kwenda chooni! Na kile kiti cha springi, mume wangu, kile ningekipigia polisi! Wiki mbili nakalia takataka nasema asante! Naanguka chini nasema lina ukarimu! Chai haina majani, shati nje ndani, mtu anatembea mtaani kama mzigo uliokosewa anuani, na mimi nasema umependeza! Mnanitaka nini?"

Mimi? Mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka kama bomba lililoziba mwaka mzima likapigwa teke. Nikacheka mpaka nikahitaji kukaa, nikakaa kwenye lile kochi juu ya mkokoteni, likanimwaga, nikaendelea kuchekea chini. Tangu wodini sikuwahi kucheka hivyo. Mwenye barabara kichwani naye akaambukizwa. Hata kinyozi akawa anajizuia kwa kujikuna.

"AMEKOSOA!" Redio akapaza sauti. "Mama! Amekosoa hadharani! Mashahidi tele!"

Mama akatoka na begi la mke wangu. Limeshapangwa, zipu imeshafungwa. Baadaye nilikuja kujua alilipanga siku ya pili tu baada ya kikao, akaliweka uvunguni mwa kitanda chake kwa akiba.

"Maneno yako mwenyewe, mkwe wangu. Mimi sijasema kitu."

Nilisubiri mke wangu abishe. Mkaguzi yule! Angeweza kumwambia mama kwamba hata begi amelipanga vibaya. Hakubisha. Akalipokea begi kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Wakati anainama kulishika ndipo nikaona gauni linavyomning'inia mabegani.

Kicheko kikakatika.

"Haendi popote," nikasema. "Kesho tunakwenda kwa nesi. Naifuta kumi yangu."

"Kumi haifutwi," Redio akasema.

Kesho yake tukaenda. Nilidhani tutakwenda wawili. Tulikwenda mimi, mke wangu na begi lake, mama, Redio, na kinyozi aliyesema kochi lake atalifuatilia hata mbinguni. Tukalijaza benchi la kliniki. Nesi akatoka, akatupitia kwa macho kama karani wa mahakama.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

Tukanyoosheana vidole.

"Mume na mke, ndani. Wengine mkikaribia mlango huu nitawadunga sindano."

Tukaingia. Nikamweleza mkasa wote, kochi, springi, karanga, kila kitu. Nesi akashika kichwa.

"Baba, mimi nilisema aje tuzungumze. Nilisema mumwekee doria?"

"Hukusema."

"Haya. Huyu mkeo anakosoa nini?"

"Makochi."

"Na wewe mwenyewe? Anakwambia wewe ni mzigo? Umejilegeza? Huna maana, wanaume wenzako wanafanya kazi?"

Nikafikiri. Nikafikiri kweli, si kwa kumfurahisha mtu. "Hapana. Nilipokuwa nimelala nyumbani natazama ukuta, kabla hamjanichukua, alikuja akalala pembeni yangu, akautazama na yeye. Akasema, ukuta huu umepakwa rangi na adui."

Nesi akacheka, akajifanya anapenga kamasi. "Sasa hilo ndilo nililotaka kujua siku ile, ukaniletea sifa za karakana. Kuna kukosoa kochi, na kuna kumkosoa mtu mpaka asijione. Wewe binafsi, ni ngapi?"

"Mbili. Na hizo mbili ni za kukoroma."

Akakata kumi, akaandika mbili. Nikasimama, nikamshika mke wangu mkono. Nilikuwa nishaanza kuona tunavyotoka pale mlangoni mbele ya Redio, na ninavyotembea.

"Kaa chini," nesi akasema, akamgeukia mke wangu. "Mama, na yeye anakukosoa kiasi gani?"

"Sifuri!" nikajibu kwa haraka. "Mimi? Simgusi hata kwa neno."

"Nimekuuliza wewe?"

Mke wangu akatazama begi lake. "Ni kweli. Sifuri."

"Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Naonja."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kusifia."

Nesi akavuta kadi mpya, nyeupe, isiyo na jina. Nikaitazama kadi ile. Tulikuja kufuta ugonjwa, tunaandikisha mwingine.

"Imewahi kukutokea hali hii kabla?"

Mke wangu akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akashusha pumzi.

"Mara moja. Nilipokuwa kwa mume wangu wa kwanza."

Wasomaji wangu, niligeuka nyuma kuona kama kuna mwanamke mwingine ameingia.

Nje benchi likalia kriii, kama watu wote wameinuka kwa pamoja.

"Mume wa nini?" nikauliza.

"Wa kwanza."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Acha ujinga, mume wangu, hesabu mwenyewe." Halafu akamgeukia nesi, na sauti yake ikashuka. "Yule alikuwa mtu wa maneno matamu. Wanawake wote walinionea wivu. Asubuhi mimi malaika, jioni mimi malkia. Nikiungua mkono jikoni, ananiambia umependeza. Nikilia, umependeza. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikawa sijui kama nipo. Siku moja nikalala, nikageukia ukuta. Ndiyo maana huyu alipougeukia wa kwake nilijua ni nini kabla ya daktari."

"Na sasa?" nesi akauliza taratibu.

"Sasa wiki mbili hizi nimekuwa yule mwanamume. Kwa mdomo wangu huu huu. Nikisema zuri, namsikia yeye anaongea."

Nesi akasogeza kadi pembeni.

"Unataka nini, mama?" nesi akauliza.

"Nataka huyu anikosoe. Kitu kimoja. Cha kweli, hapa hapa. Nataka nijue kama ananiona. Kama hana, mzigo ninao tayari, na nauli ya kwa kaka yangu ninayo."

Nikakohoa. Nikafuta jasho. "Mke wangu, wewe una macho mazuri..."

Akasimama. Akashika begi.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Ulinificha mume mzima! Mimi nakujua mpaka kidole chako cha mguu kinachopanda juu ya mwenzake! Najua unavyolala ukiwa umenuna! Kumbe kuna mwanamume mzima, na suruali zake, na maneno yake, hukuwahi kuniambia! Uliugua kama mimi, ukaniacha nikidhani niko peke yangu duniani! Hilo ni kosa. Na limeniuma."

Nikatamani ardhi inimeze. Nikamtazama nesi anifukuze.

Mke wangu akaliweka begi chini. Mabega yakashuka, uso ukarudiwa na rangi kidogo, kama mtu aliyepewa maji.

"Hilo ni la kweli," akasema. Akakaa. Akavuta kiti karibu na changu. "La pili?"

"Kuna la pili?"

"Mimi nimekukosoa miaka yote hii, unafikiri nitashiba moja?"

Nesi akaweka kalamu chini, akaegemea, kama mtu aliyelipia kiingilio.

"La pili," nikasema, na hapo nilikuwa nishapata moto, "siku ile sebuleni uliwakubalia haraka kuacha kukosoa. Ungekataa! Ungesema hapana, huyu ni mume wangu na karakana ni yetu, tokeni."

"Niseme nikiwa na nani nyuma yangu? Wewe ulikuwa unahesabu vigae."

"Nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa unamwogopa mama yako."

Kuna mambo ukiyajibu unayaongezea.

"Ningesema hapana," akaendelea, "ungesimama na mimi?"

"Ningesimama."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Nesi," mke wangu akasema, "tufungulie mlango."

Nesi hakuuliza mara mbili. Akafungua, na mama akaingia akiwa bado ameinama, sikio mbele. Akajinyoosha kwa heshima zote, akatengeneza kilemba, akapita kama aliyealikwa, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa na mkoba wake mapajani. Nyuma yake, kwenye uwazi wa mlango, Redio na kinyozi wakapanga vichwa kama mafungu ya nyanya.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Nasikia kuna la kuambiwa."

Nikatazama sakafu. Mke wangu akakohoa. Nikainua kichwa.

"Mama," nikasema, "unarudi lini kwako?"

Nilisubiri alie. Nilijiandaa kabisa, nikashika kingo za kiti ili mifupa isinitoroke. Mama hakulia. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyekubali kushindwa. Nikaanza kupumua.

Kisha akamgeukia mke wangu, kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia.

"Mkwe wangu, mimi nitafungasha leo hii. Niambie kitu kimoja tu. Huyo mume wako wa kwanza, talaka alikupa lini?"

Mke wangu akafungua mdomo.

Ukabaki hivyo hivyo, wazi.